Chai ya Vikombe Viwili

Nyamizi humimina chai kikombe hiki hadi kile,
kile hadi hiki, mpaka mvuke ukate tamaa.
Mwaka wa tisa huu. Zamani niliinywa ikichemka,
nikijigamba mbele ya genge letu la reli, Tabora:
koo la fundi haliogopi moto!

Kazi yangu ilikuwa nyundo na sikio.
Unagonga chuma, unasikiliza.
Reli nzima hulia kama kengele;
yenye ufa, hata mwembamba kama unywele, hukohoa.
Abiria haoni ufa. Abiria huona ajali.

Mimi daktari hakunigonga.
Alinipitishia mdomoni mpira mweusi wenye jicho na taa,
kule Mwanza, nilikofika kwa treni ya usiku
kwa ajili ya kiungulia tu, na tonge moja la ugali
lililokaa kifuani kama mgeni asiyeaga.
"Saratani," alisema. "Ila bado iko juujuu,
haijazamisha mizizi."
Akaibandua kwa waya, kupitia njia ileile ya chakula.
Sina kovu la kukuonyesha. Wengine hawaniamini.

Hawakuniambia nimepona. Waliniambia: rudi.
Nikarudi, umio umejikunja,
hata uji unapita kwa foleni; wakautanua kwa puto.
Nikarudi tena, na tena.
Mwaka wa nne lile jicho likakuta doa jipya,
dogo kuliko punje ya mtama.
Wakalibandua nalo.
Usiku ule nilihesabu stesheni zote hadi Bukene,
nikaanza upya.

Ngelela, niliyeshika naye nyundo,
alisubiri mpaka maji yakagoma kushuka.
Watu husema aliuogopa mpira.
Hata mimi niliuogopa.
Tofauti yetu ni madebe mawili ya asali
aliyoyauza Nyamizi nipate nauli.
Mjane wake hunisalimu vizuri
huku akiitazama shingo yangu.

Kadi ya kliniki imejaa, wameibania karatasi nyingine.
Daktari wa kwanza alihamishwa;
huyu wa sasa ni rika la kitindamimba wangu.
"Mzee, unameza?"
Nameza. Polepole,
kama treni inayopita penye matengenezo.
Mwezi wa sita ananiita tena
na tayari tumbo limeanza kunicheza.

Nyamizi, kikombe.
Bado?
Haya, nangoja.