Ubavu wa Kumi na Nne

Mchoro ulifika karakana umekunjwa mara nane,
karatasi ya rangi ya chai, inanuka dawa ya mende.
Nikaubana kwa spana mbili juu ya benchi, hapa Mwanza Kusini,
nikausoma kama ninavyosoma kila chombo: kuanzia chini.

Mkuku wa chuma. Mbavu za chuma. Juu yake mbao za msaji,
na juu ya mbao ngozi ya shaba, wadudu wa bahari ya joto wakose pa kutoboa.
Milingoti mitatu, bomba moja la moshi:
aliyeichora hakuuamini upepo, na makaa hakuyaamini.
Mizinga minane.
Mtu hachori mizinga minane kwa ajili ya kusalimia.

Kazi yake ilikuwa kuonekana.
Miaka kumi na mitatu ilitia nanga mbele ya miji ya watu,
ikafuka moshi, kodi ikalipwa, ikang'oa nanga.
Kisha bwela zikachoka, magoti ya injini yakaanza kulia,
wakaifuta kwenye daftari la vita, wakaiita ghala.

Ila ilikuwa na mtoto, mashua ya mvuke
iliyoning'inia pembeni pake.
Huyo walimfungua parafujo kwa parafujo,
wakampa namba, wakampa wapagazi.

Siku sabini na nne, kutoka pwani hadi ziwani.
Lufunga, babu wa mama yangu, alipewa ubavu wa kumi na nne.
Umepinda: popote ulipolala begani, ulitafuta mfupa.
Mwenye ubavu wa kumi na tatu alizikwa kando ya njia kabla ya Tabora;
Lufunga akazibeba zote mbili mpaka jioni,
hadi jina jingine lilipoandikwa.

Mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.
Nimepita na rula mchoro mzima:
unene wa bati, upana wa sitaha, kina cha maji.
Bega halimo.

Mashua ilizunguka Ukerewe misimu minne, ikavuta tishari za pamba,
ikapanda mwamba ambao masika huuficha.
Wavuvi wakagawana kilichobaki.

Leo nimeshuka Kirumba, mwaloni, na futi kamba mfukoni.
Mizani ya Mbuke ya dagaa inaning'inia kwenye chuma kilichopinda.
Nikapima. Nikapima tena.
Namba ilipatana na karatasi, ikapungua tu kidole kimoja cha kutu.

"Wewe," akasema Mbuke, "unanunua au unapima?"
Nikanunua kilo mbili.
Chuma kikalia kidogo, kikanyamaza.