Mnada wa Kushuka

Huku Tandahimba mnada tunaujua.
Tumekaa juu ya magunia ya korosho, vumbi puani,
karani wa chama akisoma bei moja moja,
ikitupendeza tunapiga makofi,
ikituchefua tunasema neno moja tu:
Hatuuzi.
Tunarudi nyumbani na njaa yetu, na shingo zetu zimenyooka.

Jumanne halmashauri ikaniita kwenye mnada mwingine.
Madawati mia mbili na arobaini, shule sita,
na mlango wa kuingilia ni kioo cha simu.
Mfaume, mpiga msasa wangu, ndiye aliyenishikia nywila.
"Mama Somoe, huu unashuka. Wa chini kabisa ndiye mshindi."
Nikacheka. Nilidhani kakosea kusoma.

Saa nne kamili nikaandika elfu themanini na tano.
Humo ndani kila kitu kilikuwa na nafasi yake:
mbao za Makete na nauli ya lori,
misumari, gundi, vanishi mikono miwili,
jasho la Fundi Nambunga, msasa wa Mfaume,
na changu mwenyewe, chini ya sufuria, ukoko.

Mzabuni Namba Tatu: themanini na mbili.
Hana uso. Hana randa.
Ni namba, na namba haiumwi mgongo.

Nikatoa vanishi, mkono wa pili. Themanini.
Namba Tano: sabini na nane na mia tano.
Nikatoa ukoko.
Sabini na saba.

Kila anayeshuka, saa inaongezewa dakika mbili,
kama mgeni aliyeaga
akasimama mlangoni na hadithi nyingine.
Sabini na sita. Sabini na tano.
Nje ya dirisha Nambunga anapiga randa, anapiga mluzi,
hajui kwamba mkono wake uko huku kiganjani mwangu
na ninaupunguza.

Sabini na nne.

Nikatafuta cha kutoa, nikakuta imebaki papi ya chini,
ile inayoshika miguu miwili isiachane.
Haionekani. Mkaguzi haiinamii.
Anayeijua ni mtoto, muhula wa pili,
siku anapokwenda chini yeye na daftari lake.
Kidole kilikuwa juu ya neno Thibitisha.
Mfaume ananitazama kidole.

Hatuuzi, nikasema. Hakuna aliyenisikia;
kile kioo hakina sikio la neno hilo.
Namba Tatu akachukua kwa sabini na mbili na mia mbili,
na mimi nikaandikiwa kwa adabu: Asante kwa kushiriki.

Sikulala vizuri, sitaficha.
Shule aliyosoma Mfaume, darasa la pili
bado wanaandikia magotini. Papi yangu haikuwakalisha.
Heshima nayo hailipi kodi ya karakana:
nilimpa Nambunga nusu mshahara, akaupokea kwa mikono miwili,
na hilo ndilo lililoniuma.

Wiki ya tano simu ikaita. Namba ngeni, sauti ya mjini, laini.
"Nimeambiwa una mbao kavu na mafundi.
Nina kazi ya madawati hapo kwenu, siku zimeniishia.
Nitakupa sitini kwa moja."
Nikauliza ni mangapi.
Mia mbili na arobaini.

Basi ndiye huyu, Namba Tatu. Ana kikohozi kumbe. Ana haraka.
Nikavuta kigoda, nikakaa, kama nakaa juu ya gunia.
"Bwana, huku kwetu mnada hupanda.
Tunaanza themanini na tano."
Kimya.
"Themanini na sita," nikasema.
Nikasikia, mbali, kikokotoo kinabonyezwa,
kinafutwa, kinabonyezwa tena.

Nambunga akachungulia, penseli sikioni:
"Mama, ni kazi?"
Nikafunika simu kwa kiganja.
"Sijui bado. Lakini kata papi za chini kwanza."