Mlinzi Aliyesinzia

Jumapili tulishika njia ya nyuma, ya Bangwe kwenda Katonga,
kwa sababu mama alisema miguu yake haitaki lami.
Baba mbele na fimbo ya mpera,
Bukuru na Butoyi wakigombea kopo la maji,
mimi nyuma na mahindi ya kuchemsha,
bado ya moto, yananiunguza kiuno.

Mnara upo pale njia inapopinda.
Umebaki nusu, kama jino la mzee.
Mkuyu umepitisha mzizi dirishani,
na mbuzi wa watu wamelala ndani, wenye nyumba.
Baba akipita hugusa jiwe moja, la tatu kutoka chini.
Hasemi kitu. Sote twajua:
babu yake alilipandisha kutoka ufukweni,
kichwani, kwa ujira wa kiboko,
ili Mjerumani alione ziwa
kabla ziwa halijamwona.

Butoyi akachungulia kwenye tundu la ukuta.
"Walikuwa wanamvizia nani?"
"Kila atokaye ng'ambo," baba akajibu.
Mama akacheka, kile kicheko chake cha puani.
"Basi bibi yangu walimkosa."

Hatukuwahi kuisikia habari hii.
Alivuka kutoka Kongo kwa mtumbwi wa kuazima,
usiku wa mbalamwezi, mbaya kwa kujificha,
mtoto mgongoni, amempaka mawese mdomoni anyamaze,
akakanyaga nchi kavu hapo chini, kwenye mawe meupe,
na juu yake taa ya mnara inawaka.
"Na mlinzi?"
"Alisinzia. Au aliona, akageuza uso.
Bibi amekufa hajui ni lipi."

Upepo ukapiga mbinja matunduni.
Nikawaza: upande wa baba, jiwe;
upande wa mama, usingizi wa mtu;
na sisi hapa tunatafuna mahindi.

Bukuru akataka jina la mlinzi.
Hakuna alijuaye.
Butoyi akaweka mdomo tunduni, akaita, "Shikamoo!"
Mbuzi mmoja akaitikia.

Kisha akarudisha jicho:
"Mama, naona bati letu. Naona kanga zako kambani.
Na mvua ile kule, imeshafika katikati ya ziwa."

Tuliteremka mbio, mama viatu mkononi,
magunzi yakiruka nyuma yetu.
Haikusaidia.
Alizikamua kanga barazani, moja moja, bila kununa.
"Mlinzi wangu macho anayo," akasema.
"Sisi ndio tumekosa miguu."