Viti Viwili vya Wenhithe

Zilibaki nyumba saba na zizi la nguruwe.
Bahari ilikwisha kula kanisa, soko, hata makaburi,
na bado tulipeleka wawili Bungeni.

Wapiga kura tisa. Obadiah Thirkettle,
babu wa babu yangu, alikuwa wa nne:
akasimama mbele ya karani, akataja kwa sauti
jina la bwana asiyemjua kwa sura,
akarudi na buti mpya na gunia la makaa.
Mkono mtupu haulambwi,
wala hauchaguliwi.
Kura ile ilipasha jiko hadi Machi.

Keziah, mkewe, hakuulizwa. Alipika supu.

Kisha sheria ikatufuta kwa mstari mmoja wa wino.
Manchester, watu laki na ushei,
hawakuwa na kiti hata kimoja.
Ilikuwa haki. Sibishi.

Buti ninazo. Soli ya kushoto imelika zaidi:
alichechemea, au alisitasita njiani.

Leo tu arobaini. Kituo cha kura
kiko maili kumi na moja;
basi huja Jumanne,
uchaguzi ni Alhamisi.

Natembea kandokando ya genge
lililopungua hatua mbili tangu kura iliyopita.
Nitakayemtilia alama, nami simjui kwa sura.
Makaa hakuna.