Kana Kwamba Haikufa

Benki ndiyo iliyonipa taarifa ya msiba.
Kijana wa mikopo, tai yake ina doa la kahawa,
aligeuza kompyuta nijisomee:
Popadich na Binti, Mafundi wa Buti, Butte, Montana.
Hadhi: imevunjwa.
Tarehe: Desemba, miaka minne nyuma.

Miaka minne!
Na jana tu nimebandika soli mbili za Orrin Teague,
nikampa risiti, nikamrudishia chenji yake.
Kumbe nashona kwa mkono wa maiti,
nalipa umeme kwa jina la marehemu,
na marehemu, kwa adabu zake, hajasema neno.

Baba ndiye aliyeshika kalamu.
Yeye kalamu, mimi sindano, tuligawana hivyo
tangu alipopaka neno "Binti" kwenye kioo cha mlango
nikiwa na miaka tisa, wala hakuniuliza.

Nilifungua droo ya chini, ile ya nta na uzi wa katani.
Barua za serikali zilikuwa humo, hazijafunguliwa,
zimekazwa kwa kamba ya kiatu, fundo maradufu,
fundo lake.
Ya kwanza inakumbusha. Ya pili inaonya.
Ya tatu fupi, kama talaka.
Walichotaka ni ukurasa mmoja tu kwa mwaka:
jina, anwani, na viongozi wa kampuni ni akina nani.

Hapo pa mwisho, nadhani, ndipo alipokwama.
Katibu wa kampuni alikuwa mama.
Kujaza karatasi ile kungemlazimu amfute Zorka
kwa mwandiko wake mwenyewe,
na baba, aliyewahi kung'oa msumari kisiginoni kwa meno,
hilo hakuliweza.

Nikapiga simu Helena, ofisi ya msajili.
Akapokea mama mmoja, Twila, sauti ya mvutaji mstaafu.
"Hujachelewa," akasema. "Jina lenu bado lipo,
hakuna aliyelichukua.
Lete ripoti za miaka yote minne, na ada, na faini,
na kibali cha watu wa kodi kwamba hudaiwi."
Nilidaiwa. Dola mia tatu na kumi na moja.
Nikauza cherehani ya pili, ile iliyokuwa ikiruka mishono.

Usiku wa Jumapili, theluji dirishani,
nilikaa mezani na miaka minne mbele yangu.
Mwaka wa kwanza. Rais: Stojan Popadich.
Mwaka wa pili. Rais: Stojan Popadich.
Mwaka wa tatu, nikaandika polepole, herufi kwa herufi,
maana nilijua ukurasa unaofuata una nini.
Katibu nilijiandika mimi, mara zote.
Mama nikamfuta mimi. Baba, tulia.

Mwaka wa nne:
Rais, mimi. Katibu, mimi. Mweka hazina, mimi.
Kikao kilifanyika jikoni, akidi ikatimia,
hakuna aliyepinga.
Supu ilikuwa imepoa.

Hati ilikuja baada ya wiki tatu, ina muhuri wa dhahabu
unaobanduka ukiukwaruza kwa ukucha.
Inasema kampuni imerejeshwa,
na kwamba urejesho huu unarudi nyuma hadi siku ile ya Desemba,
kana kwamba haikuvunjwa kamwe.
Niliisoma nimesimama, koti sijavua.
Maji yamemwagika, na jimbo la Montana
limeyazoa yote, hata yale ya chini ya kabati.
Nikatafuta nyuma ya karatasi
kama kuna fomu nyingine, ya kitu kingine.
Nyuma palikuwa peupe.

Barua zile nilizichomoa moja moja.
Fundo sikulifungua. Limebaki kitanzi kitupu,
linaning'inia msumarini, juu ya nyundo.

Jumanne Orrin Teague amerudi, soli ya kushoto imeachama.
Akauliza kama dhamana yetu bado inafanya kazi.
"Inafanya," nikamwambia, "tangu mwanzo,
haijakatika hata siku moja.
Vua."