Kipimo cha Kiwiko

Miaka sita nachapa kazi za wanafunzi
huku Katindo, chumba cha bati, mashine mapajani,
kurasa themanini za mtu anayetaka shahada kufikia Jumatatu,
mpaka shingo yangu ikajifunza kuinama
kama mgomba uliobeba mkungu.

Daktari wa mifupa alinipa vidonge na bei ya kiti.
Kiti cha magurudumu, dola mia tatu.
Nikacheka hadi kiuno kikanikataza.

Basi nikaenda kwa Kakule, fundi wa chukudu,
yule wa barabara ya Sake, mwenye vidole tisa.
Hakuniuliza ukubwa wa chumba.
Alisema: kaa juu ya gogo, legeza mabega,
kunja mikono kana kwamba unapokea mtoto.
Akatoa kamba, akapima toka chini hadi kiwikoni.
Nikamwambia, Fundi, hivi ndivyo mnavyopima jeneza.
Akasema, jeneza halina haja na kiwiko.

Na chukudu, alieleza huku akipiga randa,
usukani ukiwa chini, msukumaji anamaliza mgongo
kabla viazi havijafika soko la Virunga.
Mti haumjui mtu. Ni kazi yako kuuambia.

Meza ya mkaratusi: dola kumi na nne, pamoja na kuibeba.
Kiti ni kile cha jikoni, nimekifunga sponji
na kitenge kilichokunjwa mara nne nyuma ya kiuno.
Mashine nimeipandisha juu ya kreti ya bia
skrini ipate kunitazama machoni.
Kibodi ya pembeni nimeiokota Birere, elfu nane faranga;
herufi Q imefutika,
lakini kidole kinajua inapoishi.
Dirisha nimeliweka ubavuni,
jua lisigombane na maandishi.

Miguu ikabaki inaning'inia.
Hapo mlima ukanilipa deni kidogo:
jiwe jeusi, la ule moto uliomeza nyumba ya shangazi,
leo liko chini ya nyayo zangu, limepoa,
linakwaruza tu.

Jioni mama akaingia.
Paji lake lina mfereji mwembamba,
njia ya kamba, miaka ishirini ya kubeba makaa.
Akaizunguka meza, akapapasa pembe zake.
"Na mimi," akasema, "kamba yangu nani aliipima?"

Sikuwa na jibu. Nikamsogezea kiti.

Akakaa. Akapandisha miguu juu ya jiwe.
Kitenge kikampokea mgongo, akanyamaza,
na umeme nao ukakatika, kama kawaida, bila hodi.

Betri ina saa moja na nusu.
Kijana wa sheria ana kurasa arobaini.
Mama anakoroma, kichwa kimepata ukuta.
Nami nimerudi kwenye kibodi ya mashine yenyewe,
kule juu ya kreti,
nachapa nimesimama.
Kiwiko, ajabu, kiko sawa.