Hapa Mzinga

Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma
chenye ua jekundu, kama vile vya kwenye makochi,
na juu ya kitambaa, saa ya mezani isiyokwenda.
Mama Nyamizi aliondoa saa kwanza. Akaipangusa. Akaiweka chini.
Ndipo akafunua.

Simu ya upepo. Stesheni nzima, si kile kidude cha garini:
bati la kijivu, uzito wa debe la mahindi,
mshale umelala kushoto ndani ya kioo cha manjano,
vifundo vitano vya kuzungusha, kimoja kimepotea
na mahali pake pamechomekwa kizibo cha soda.
Nyuma, kwenye matundu ya kupumulia, mbawa za kumbikumbi.

Nilikuja na bisibisi na mita ya kupimia umeme.
Mimi ni fundi simu pale sokoni, nabadili vioo,
najua kukagua kitu cha mtu bila kukitukana.
Nikapima. Fyuzi nzima. Transfoma inaitika.
Nikasema laki na ishirini.
Akasema laki mbili, akaanza kucheka mwenyewe,
maana Tabora nzima hakuna mtu wa tatu wa kushindana nasi.

Sikumwambia kwa nini naitaka.

Ipole, zahanati ya vyumba viwili. Mama yangu muuguzi.
Saa moja kamili asubuhi, uji haujapoa,
sauti ya mwanamume asiyeonekana inajaza chumba cha sindano:
"Nyuki Saba, Nyuki Saba, hapa Mzinga. Mmeamkaje? Ova."
Chama cha asali kilikuwa kimewaachia zahanati redio yake ya pili,
basi habari zikapita humo humo zimechanganyika,
madebe mangapi, nta kilo ngapi,
mjamzito anatoka damu, lori limefika wapi, ova.
Mama alijipaka mafuta usoni kabla ya kujibu.
Miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kumwona.

Tuliafikiana laki na nusu. Nikahesabu noti,
nikakunjua mpira wa kufungia mzigo kwenye pikipiki.
Hapo akakishika kipaza sauti, kile cha kubonyeza ubavuni,
waya wake umejiviringa kama mkia wa nguruwe,
akakichomoa kwa mkono unaojua, nusu zamu kushoto.
"Hiki hakimo."

"Mama, bila hiki haisemi."
"Najua haisemi. Wewe sikiliza tu."
Akakipeleka puani, haraka, kama mtu anayekagua maziwa.
"Lushinge alikuwa hatoki nyumbani bila karafuu mdomoni.
Bado imo."
Nilitaka kusema basi tupunguze bei.
Ulimi ukakataa.

Kwangu Kiloleni nilitandaza waya
toka kwenye mpapai hadi paa la jirani,
nikaazima betri ya gari, nikawasha.
Mshale ukainuka, ukatetemeka, ukasimama robo.
Haikuja Tutuo, haikuja Sikonge, wala Ipole.
Dereva fulani wa mbali sana
aliuliza jambo kwa lugha nisiyoijua,
akauliza tena,
akakata tamaa,
na mimi nimeketi mbele yake, mdomo wangu uko Isevya
kwenye droo ya mjane.

Kisha mchakacho tu.

Kesho yake alfajiri nikampigia mama,
nikaiweka simu mbele ya spika.
Alinyamaza muda mrefu, salio likienda.
"Mvua hiyo?"
"Mvua."
Septemba. Tabora haijaona wingu tangu Mei.
"Saa ngapi sasa?"
"Inagonga moja kamili."

Hakusema kitu.
Nikasikia kifuniko cha kopo la mafuta
kikifunguliwa.